Kuuliza Bei Si Aibu

Katika nyumba za kambi za polisi, mwisho wa mwezi hujulikana hata kwa mtu asiyekuwa na kalenda. Mama hurudi sokoni na kikapu kilicholemea upande mmoja, deni la duka la pembeni hupunguzwa, na watoto huanza kumtazama baba yao kwa macho ya matumaini. Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi namna hiyo, koplo mmoja wa polisi wa usalama barabarani, mwenye makazi yake Nsambya, aliamua kuipeleka familia yake katikati ya jiji la Kampala kula kuku.

Sababu yake ilikuwa njema. Mama yake mzazi alikuwa amesafiri kilomita zipatazo 330 kutoka Gulu ili goti lake, lililokuwa likimsumbua tangu msimu wa kupalilia, litazamwe na daktari. Mama huyo ni mjane wa askari. Kiswahili chake alikipata katika kambi alizoishi na marehemu mumewe, na hadi leo hukisema kwa namna ya kambini: maneno machache, kila moja likiwa na kazi yake. Kwa majuma mawili alikuwa amewaangalia wajukuu, amechambua maharage, amefagia ua kabla ya jogoo kuwika, wala hakuomba kitu. Koplo aliona haya kumwacha arudi kijijini bila kumkirimu. Kwa hiyo alitenga shilingi 120,000, ziwe za chakula cha watu sita na za nauli ya taksi ya kuwarudisha nyumbani, kwani goti la mama halikuruhusu mwendo mrefu.

Duka waliloliingia lilikuwa safi, lenye baridi ya mashine na viti vyekundu. Juu ya kaunta palikuwa na bango refu linalowaka kama kioo cha sinema. Palikuwa na picha za kuku, picha za baga, picha za chipsi zilizosimama wima kama askari kwenye gwaride. Palikuwa na namba, majina ya mbwembwe, bei zilizoandikwa kwa tarakimu kubwa na maelezo yaliyoandikwa kwa tarakimu ndogo. Kila baada ya muda mfupi picha zilibadilika, hata aliyekuwa amefika katikati ya kusoma akarudishwa mwanzo. Maandishi yote yalikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza chenyewe kilikuwa cha biashara, si kile cha darasani.

Binti mkubwa, aliyekuwa darasa la sita, alianza kumsomea bibi yake kwa sauti. Alipofika kwenye neno "combo", bibi alishtuka.

"Kombo?" aliuliza. "Mwanangu, umetuleta mjini kula makombo?"

Mkewe koplo alicheka, akamweleza mama mkwe wake kwa heshima kwamba neno hilo si la Kiswahili. Maana yake ni kuku, chipsi na soda vilivyofungwa pamoja kwa bei moja. Bibi aliitikia kwa kichwa, lakini alilitazama bango kwa jicho la mtu ambaye hajaridhika.

Koplo naye alikuwa akipiga hesabu kichwani, kama anavyohesabu malori pale barabara ya Jinja. Watu wazima watatu kwa shilingi 20,000 kila mmoja, watoto watatu kwa shilingi 12,000 kila mmoja, jumla yake ni shilingi 96,000. Zingebaki 24,000 za nauli, pengine na mkate wa asubuhi. Alipofika mbele ya kaunta hakutaja jina la chakula, kwa kuwa hakuwa na hakika jinsi majina yale yanavyotamkwa. Alinyoosha kidole na kutaja namba.

Msichana wa kaunta alikuwa na adabu, lakini alikuwa na haraka. Nyuma ya koplo mstari wa watu ulikuwa umefika mlangoni. Akauliza kwa Kiingereza chepesi kama kuku wawe "hot". Koplo aliona swali hilo ni la ajabu. Nani angetoka Nsambya na familia yake kuja kula kuku baridi? Akajibu kwa sauti ya amri kwamba wote sita wawe "hot". Binti yake alimvuta shati akitaka kusema neno. Koplo akamnyamazisha: "Tulia, mama, wakubwa wanazungumza." Msichana akauliza jambo jingine kuhusu ukubwa wa vikombe viwili, koplo akaitikia kwa kichwa. Akauliza la tatu, akaitikia tena. Kisha ikatajwa jumla: shilingi 118,000.

Hapo ndipo askari huyo, ambaye kwa mkono mmoja husimamisha basi la abiria sitini, aliposhindwa kuusimamisha mstari wa watu kumi na wawili. Alijua kwamba hesabu haikuwa yake. Alitaka kuuliza. Lakini kijana aliyekuwa nyuma yake alikohoa, mwingine akatazama saa, na koplo akahisi kwamba macho yote yameielekea mifuko yake. Akalipa. Risiti aliikunja bila kuisoma, akaitia mfukoni.

Chakula kilipoletwa, sinia zilipendeza. Lakini kipande cha kwanza kilipofika kinywani mwa mtoto mdogo, kilio kikasikika hadi kaunta. Kuku wote sita walikuwa wamepakwa pilipili. Hilo ndilo lililokuwa limeulizwa. Mtoto alinyweshwa soda yake, kisha ya dada yake. Bibi, ambaye daktari alikuwa amemwonya juu ya vidonda vya tumbo, aliubandua ule unga mwekundu kwa kucha, akakuta na nyama ya ndani nayo imekolea. Akakisukuma kipande pembeni taratibu, akala chipsi chache zilizokuwa zimepoa, akakunja karatasi ya kufutia mikono vizuri kama leso. "Chakula ni kizuri, mwanangu," alisema. "Mungu akubariki." Koplo alimjua mama yake vya kutosha kufahamu kwamba bado ana njaa.

Nje ya duka aliifungua risiti. Shilingi 96,000 zake zilikuwapo. Chini yake zilikuwapo 4,000 za kukuza vikombe viwili, jambo aliloliitikia kwa kichwa bila kulielewa. Hizo zikafanya 100,000. Chini yake tena ilikuwapo kodi ya ongezeko la thamani, ambayo nchini Uganda ni asilimia 18, yaani shilingi 18,000. Bango lilikuwa limesema kwamba bei hazijaingizwa kodi. Lilisema hivyo kwenye mstari wa mwisho kabisa, kwa herufi ndogo kama chawa. Mkononi zilibaki shilingi 2,000. Fedha za kwenye simu zilikuwa zimekwenda kwenye karo asubuhi ileile, na mkewe alikuwa ameacha simu yake nyumbani.

Shilingi 2,000 haziwezi kuwapandisha watu sita kwenye taksi. Wakatembea. Walishuka hadi kituo cha treni, wakavuka reli, wakaanza kupanda kuelekea Nsambya, bibi akiwa ameushika mkono wa mjukuu wake na kusimama kila baada ya hatua chache kana kwamba anatazama maduka. Hakulalamika. Kutolalamika kwake ndiko kulikomchoma koplo.

Karibu na njia panda palikuwa na kijana aliyesimama nyuma ya jiko la mkaa na bamba la chuma. Bibi akasimama, na safari hii hakusimama kwa ajili ya goti. Kijana alimwamkia, kisha akauliza: "Mama, chapati ngapi? Mayai mangapi? Nitie kitunguu? Nyanya? Kabichi? Pilipili je?" Bibi alijibu swali moja baada ya jingine, bila haraka. Chapati moja, yai moja, nyanya na kitunguu, pilipili hapana. Kisha yeye akauliza la kwake: "Kiasi gani?" Akaambiwa shilingi 2,000. Koplo akazitoa. Yai likavunjwa mbele ya macho yao, likakaangwa, likalazwa juu ya chapati, likaviringishwa. Bibi akaigawa rolex ile vipande vinne, akala chake kwa utulivu, na vitatu akawapa wajukuu.

Usiku ule binti alimwambia baba yake, kwa sauti ya chini, kwamba alitaka kumweleza maana ya neno lile pale kaunta. Koplo hakujibu. Lakini hakulala mapema.

Kisa hiki si cha koplo mmoja. Askari wengi, na raia wengi, wamesimama chini ya mabango kama hayo, wakanyoosha kidole kwenye namba, wakala wasichokitaka na kulipa wasichokitarajia, kisha wakarudi nyumbani wakiwaambia majirani kwamba kulikuwa kuzuri. Hapana budi sababu zake zichunguzwe, maana fedha za mwisho wa mwezi hazina ndugu wa pili.

Sababu ya kwanza ni lugha. Katika Kiingereza neno moja hubeba maana mbili, ya joto na ya ukali wa pilipili. Katika Kiswahili mambo hayo mawili hayana ukoo. Chakula cha moto ni kile kilichotoka jikoni sasa hivi. Chakula kikali ni kile kilichotiwa pilipili. Lau swali lingeulizwa hivi, "Tutie pilipili au tusitie?", mtoto asingelia na mama asingelala njaa. Wala Kiswahili si mgeni nchini Uganda. Kilikuwa lugha ya amri katika jeshi la King's African Rifles, lililoundwa mwaka 1902, na tangu wakati huo hakijatoka kambini. Mwaka 1973 serikali ya wakati ule ilikitangaza kuwa lugha ya taifa. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005, kiliwekwa kuwa lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni kama somo la lazima. Hata hivyo ni nadra kukiona juu ya kaunta ya chakula katika jiji la Kampala, ambamo kila siku huingia askari kutoka Arua, dereva kutoka Mombasa na mfanyabiashara kutoka Goma, ambao lugha inayowakutanisha ni hiyo.

Isidhaniwe, lakini, kwamba fumbo hili limeletwa na kuku wa bango la taa peke yake. Hata hoteli ndogo za matoke na maharage zina lugha yao ya ubaoni. Mgeni akisoma neno "Irish" atashangaa Mwairishi amefikaje jikoni. Kumbe ni viazi mviringo tu. Akisoma neno "food", asidhani ni kila kinacholiwa. Hapo maana yake ni matoke, posho, wali, viazi vitamu, mihogo na vyakula vingine vya kushibisha. Neno "sauce" nalo si mchuzi mtupu, bali ni kitoweo chenyewe: maharage, nyama, samaki au karanga. Bei hufuata kitoweo, na vile vya kushibisha huja pamoja nacho. Anayeuliza matoke peke yake ni kiasi gani hutazamwa kama mtu anayetaka kununua mkono wa shati bila shati.

Vya barabarani navyo vina majina yake. Rolex si saa ya Uswisi, bali ni jina lililozaliwa na maneno ya Kiingereza yenye maana ya mayai yaliyoviringishwa, na limependwa kiasi kwamba mwaka 2016 Kampala ilifanyiwa tamasha la chakula hicho. Kikomando nacho si posho la kikosi maalumu. Ni chapati zilizokatwakatwa na kuchanganywa na maharage, chakula cha wanafunzi, vibarua na yeyote ambaye mshahara wake uko mbali. Askari mpya akikiagiza kwa kudhani ni cha makomando, hatapata hasara kubwa. Atashiba kwa shilingi chache, na atacheka pamoja na muuzaji.

Hapo pana tofauti ya kutazamwa kwa makini. Majina ya barabarani ni mafumbo sawa na yale ya bangoni, lakini hayamwibii mtu, kwa sababu sufuria i wazi, moto unaonekana, na muuzaji anauliza kabla ya kuvunja yai. Kosa likitokea, hutokea kwa shilingi 2,000. Bangoni, picha imechukua nafasi ya sufuria, namba imechukua nafasi ya jina, na haraka imechukua nafasi ya maswali.

Ajabu ni kwamba biashara ya vyakula vya haraka haikuanza hivyo. Mwaka 1948, katika mji wa San Bernardino, jimbo la California nchini Marekani, ndugu wawili, Richard na Maurice McDonald, walilifunga duka lao kwa muda ili walipange upya. Orodha yao ilikuwa na vyakula vipatavyo 25. Walipofungua tena walikuwa wamebakiza tisa tu. Baga iliuzwa senti 15, na mteja alijua cha kuagiza kabla hajafika dirishani. Siri ya haraka ilikuwa uchache. Waliofuata baadaye, katika nchi nyingi, waliishika haraka wakauacha uchache, wakaongeza vyakula, ukubwa, vifurushi na majina, hadi haraka yenyewe ikabaki kwa muuzaji na mashaka yakabaki kwa mnunuzi.

Wataalamu wa nafsi wamelitazama jambo hili. Mwaka 2000 Sheena Iyengar na Mark Lepper walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa katika duka moja la California. Mara walipanga mezani aina 24 za jemu, mara aina sita. Meza ya aina 24 iliwavuta watu wengi zaidi kusimama, lakini kati ya kila 100 waliosimama walinunua watatu tu. Kwenye meza ya aina sita walinunua 30. Wachunguzi waliokusanya majaribio ya namna hiyo mwaka 2010 walionya kwamba wingi wa vitu hauwachanganyi watu wote wala kila mahali. Anayejua anachokitaka hasumbuki. Anayesumbuka ni mgeni, yule ambaye hajui majina, hana muda, na ana watu nyuma yake. Huyo ndiye koplo.

Kifurushi nacho kina hila yake, hata kama hakikukusudiwa kwa ubaya. Chukua mfano wa kuku vipande viwili kwa 11,000, chipsi kwa 6,000 na soda kwa 2,000. Jumla ni 19,000. Kifurushi kikiuzwa 20,000, mnunuzi amelipa zaidi kwa kufungiwa pamoja. Kikiuzwa 17,000, amepata nafuu ya 2,000, lakini kwa sharti kwamba alitaka soda tangu mwanzo. Mtoto aliyekunywa maji nyumbani hana haja na kikombe kikubwa cha soda. Asiyejua bei ya kimoja kimoja hawezi kujua kama kifurushi ni rafiki au ni mgeni wa kula tu.

Basi familia ifanye nini? Jambo la kwanza hufanyika nyumbani. Fedha za matembezi zigawanywe kabla ya kuvaa viatu: za chakula ziwe mfuko mmoja, za nauli mfuko mwingine, tena ikiwezekana za nauli ashike mama wa nyumba. Nauli isiingie kaunta. Pili, kabla ya kujiunga na mstari, wote wakae au wasimame pembeni, bango lisomwe pole pole, na anayejua Kiingereza zaidi asome, hata kama ni mtoto. Kumpa mtoto kazi ya kusoma hakumpunguzii baba heshima. Karo analipiwa ili asome.

Tatu, kwenye kaunta pana maswali manne yasiyopaswa kuachwa. Sahani ina vipande vingapi? Kinakuja na nini? Kina pilipili? Na la nne, ambalo ni kubwa kuliko yote: nitalipa kiasi gani kwa jumla, pamoja na kodi? Swali hilo la mwisho liulizwe kabla ya fedha kutoka mfukoni, na jumla isipolingana na hesabu ya nyumbani, mnunuzi ana haki ya kusema, "Punguza vikombe," au kusema asante na kuondoka. Anayekohoa nyuma hatawalisha watoto wake kesho. Nne, usiitikie kwa kichwa jambo ambalo hukulisikia vizuri. Kaunta ya leo huuza hata kichwa kikitikiswa. Tano, risiti isomwe palepale, wakati kosa bado linaweza kurekebishwa, si barabarani.

Kwa askari pana neno la ziada. Aliyezoea kuulizwa huona taabu kuuliza. Amri, sare na cheo vina mahali pake, na mahali hapo si mbele ya bango la kuku. Koplo wa kisa hiki hakukosa akili wala elimu, alikosa ujasiri mdogo wa kusema, "Dada, sijaelewa, nieleze tena." Neno hilo lingemgharimu nusu dakika. Kulikwepa kulimgharimu nauli ya watu sita na goti la mama yake. Wahenga walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Wenye maduka nao wanalo fungu lao. Msichana wa kaunta asilaumiwe, kwani husimama tangu asubuhi na hupimwa kwa idadi ya wateja anaowahudumia. Lakini aliyeandika bango ana muda. Bei na iandikwe kamili, kodi ikiwa ndani yake, ili shilingi 20,000 za bangoni ziwe 20,000 za kwenye risiti. Ukubwa na uandikwe kwa idadi ya vipande, si kwa majina ya kujisifu. Pilipili na ioneshwe kwa picha ya pilipili. Na chini ya Kiingereza pawepo mstari wa Kiswahili na wa Luganda, maana wino wa mistari miwili ni rahisi kuliko mteja asiyerudi. Koplo yule hajarudi.

Liko jambo moja la mwisho, nalo halihusu duka. Siku ya Jumanne, mama alipokuwa akikunja nguo zake kwa safari ya kurudi Gulu, koplo aliketi karibu naye akamwuliza angependa kula nini kabla hajaondoka. Mama alimtazama kwa muda. Katika majuma mawili, na katika matayarisho yote ya Jumamosi ile, hakuna aliyekuwa amemwuliza. Kila mtu alikuwa amejua, au alidhani anajua, kwamba mgeni wa kijijini anatamani kuku wa mjini.

"Malakwang," alisema. "Iwe na odii nyingi. Na kalo."

Mkewe koplo aliyapata majani hayo sokoni, na odii ya ufuta na karanga, na unga wa ulezi. Gharama yote haikufika shilingi 20,000, bei ya sahani moja ya bangoni. Mama mwenyewe alisimama jikoni kuonja chachu, akaongeza odii mara mbili. Walikula wote sita mkekani, na mama akaomba kuongezewa. Koplo alimwongezea kwa mkono wake mwenyewe, na kabla ya kuitia mboga kwenye sahani alimwuliza, "Hapa panatosha, Mama?" Akajibiwa kwamba bado.